Jawabu Huanza Sikioni

Katika mtaa niliokulia, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, palikuwa na baraza ya mawe mbele ya nyumba ya mzee mmoja mshona kofia. Baada ya sala ya alasiri wazee walikaa hapo mpaka jua kuchwa, na sisi watoto tuliruhusiwa kuketi chini, penye kipandio, kwa sharti la kunyamaza. Sharti la pili tulilijua tulipobaleghe na kuanza kupewa nafasi ya kusema. Kijana akiyakata maneno ya mwenziwe kwa haraka ya kumjibu, yule mzee humwinulia mkono akamwambia: "Mrejeshee kwanza alichosema, kisha utoe chako." Kijana hujaribu kukirejesha, na aghalabu hushindwa, kwa kuwa hakukisikia, alikuwa akingojea zamu yake tu. Hapo husogezewa kikombe cha kahawa akaambiwa anywe, na mazungumzo yakaendelea bila yake.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu siku hizi tunalalamika sana kwamba watu hawajui tena kuzungumza. Lalamiko hilo lina ukweli, ila nahisi limeshika upande mmoja tu wa mambo. Kusema tunakujua, na huenda tunasema kuliko waliotutangulia. Kilichopungua ni kusikiliza. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba watu wa visiwa na mwambao walikuwa na mafunzo ya kusikiliza, yaliyopangika, yenye kanuni zake na adabu zake, na kwamba chuo kikubwa cha mafunzo hayo kilikuwa ni ushairi wa kujibizana. Nataka pia kusema kwamba chuo hicho kilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo imetugharimu.

Tuanze na lugha yenyewe. Kusikia ni kazi ya sikio. Sauti ikipita, sikio halina hiari. Kusikiliza ni kazi ya mtu, aliyeamua kuikaribisha sauti ile. Kisha lipo neno la tatu, kusikilizana. Mume na mke wakiwa na mapatano tunasema wanasikilizana. Ndugu wakifarakana tunasema hawasikilizani, hata kama wanapigiana kelele mtaa mzima ukasikia. Lugha, basi, imeyafanya mapatano kuwa ni tunda la sikio. Neno kujibizana nalo lina siri yake. Ndani yake mna kule kumfanya mwenzako ajibu, na yeye kukufanya wewe ujibu. Asiyemwachia mwenziwe nafasi huenda akawa amesema sana, lakini hakujibizana na mtu.

Mafunzo yalianzia nyumbani, usiku, kwa bibi. Msimulizi hasimulii mpaka aitikiwe. Akisema "Paukwa", wasikilizaji husema "Pakawa", na hapo ndipo hadithi ikapata ruhusa ya kuingia. Katika vitendawili ni vivyo hivyo. Mmoja hunadi kitendawili, wenziwe wakamwambia "Tega", na akishatega hawana budi kulipima kila neno, kwa kuwa jawabu limo ndani ya maneno yaleyale. Wakishindwa humpa mji. Huku kutoa mji ni adabu kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anakiri mbele ya watu kwamba amesikia na hakufahamu, na malipo yake ni mji wa maneno matupu, kisha akafundishwa. Ni watu wazima wangapi leo wawezao kutoa mji katikati ya mazungumzo wakasema, "Hapo sikukufahamu, hebu nieleze"?

Kutoka nyumbani mtoto wa kiume alihamia barazani. Wajenzi wetu waliijua kazi ya baraza. Katika nyumba za kale za Lamu, daka la mlango lina viti vya mawe pande mbili vinavyotazamana, na vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba aliyeketi baraza hii anamwona usoni aliyeketi baraza ya pili. Huwezi kukaa hapo ukamsemesha mtu kwa mgongo. Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba baraza ilikuwa ni ya wote. Wanawake walikuwa na mabaraza yao ndani ya nyua na kumbi, katika shughuli za harusi na za misiba, na mengi yaliyosemwa huko hayakuandikwa na mtu. Hata baraza ya wanaume ilikuwa na tabaka zake: wapo waliosikilizwa kabla hawajafungua kinywa, na wapo walioketi miaka bila ya kuulizwa rai yao. Pamoja na hayo, palikuwa na kanuni, na kanuni humfaa hata mnyonge, kwa kuwa anaweza kuitaja akadai haki yake.

Juu ya misingi hiyo ndipo yalipojengwa mashairi ya kujibizana. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza. Mshairi wa kwanza hutoa shairi lenye hoja, na mara nyingi hoja hiyo huifunika kwa fumbo. Anayemjibu hutarajiwa kufuata bahari ileile, na aghalabu vina vilevile. Kwa hiyo, kabla hajatunga hata mshororo mmoja, hana budi kulirudia shairi la mwenziwe mara nyingi: aijue mizani yake, avishike vina vyake, alifumbue fumbo lake. Akilikosea fumbo, jawabu lake litamfichua, na wasikilizaji watajua kwamba amelijibu shairi ambalo halikutungwa. Ushahidi wa kwamba amesikiliza umo ndani ya umbo la jawabu lake. Kwa njia hiyo ushairi ulimlazimisha mtu mwenye hasira kukaa kitako na maneno ya hasimu wake, usiku mzima pengine, kabla ya kumrejeshea.

Sanaa hiyo ilistawi katika kila bandari ya Waswahili. Pemba ilikuwa na mabingwa wawili mashuhuri, Kamange na Sarahani. Tungo zao zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla, na kitabu chao, Kale ya Washairi wa Pemba, kikatoka mwaka 2011. Majina ya washairi hao wawili yamekaa bega kwa bega katika jalada la kitabu hicho, na ni vyema yakakaa hivyo. Katika sanaa ya kujibizana mshairi hakui peke yake. Hukuzwa na yule anayemjibu.

Hata hivyo, mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Mombasa na Lamu, na ndio unaotuonyesha kasoro niliyoitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mazrui wa Mombasa, wakishirikiana na wenzao wa Pate, walitaka kuitia Lamu mkononi. Kabla ya majeshi kukutana, mashairi yalikutana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye inakisiwa alizaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, aliusemea mji wake. Na kwa upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja. Mashairi ya majibizano hayo yalikusanywa na kufafanuliwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1995.

Msomaji atakayeyafuata mashairi hayo ataona kwamba watu wa miji ile walifahamiana kwa undani. Fumbo lilitumwa na likafumbuliwa. Tishio lilipelekwa na likarudishwa limegeuzwa upande wa pili. Hapakuwa na kutoelewana. Na bado vita vilipiganwa. Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela, likashindwa vibaya, na watu wengi wakafa katika mchanga ule. Lamu, kwa kuhofia kisasi, ikaomba himaya kwa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, naye akapeleka liwali wake. Hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1837 Mombasa yenyewe iliingia mikononi mwa Sayyid Said, na Muyaka alikuwa bado hai kuyaona hayo.

Basi kusikiliza peke yake hakutoshi? Naona yatupasa kupambanua. Kuna kumsikiliza mtu ili umshinde, na kuna kumsikiliza ili umjue. Anayesikiliza ili ashinde hutega sikio kama mwindaji: hutafuta pale mwenziwe alipoteleza, neno lililolegea, kina kilichopwaya. Husikia kila kitu isipokuwa haja iliyomfanya mwenziwe aseme. Kujibizana kulizifundisha namna zote mbili, na ilikuwa ni juu ya mtu mwenyewe kuchagua. Mombasa na Lamu walichagua ile ya kwanza, na aliyefaidika ni wa tatu.

Ile namna ya pili nayo ina mashujaa wake, ingawa huimbwa kidogo. Muyaka hakutuachia diwani aliyoipanga kwa mkono wake. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu wa Mombasa kwa miongo mingi baada ya kufa kwake. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyewe mshairi na mjuzi wa lugha, ambaye aliziandika kwa hati za Kiarabu na kuzifafanua akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyefika Mombasa mwaka 1880. Kutokana na kazi hiyo W. Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake maarufu mwaka 1979. Tunamsifu Muyaka kwa ulimi wake, na anastahiki. Lakini kama si masikio ya watu wa Mombasa ambao hawakutunga kitu, na kama si mwalimu aliyewaendea akawasikiliza, ulimi huo ungezikwa pamoja na mwenyewe.

Karne ya 20 ilipoingia, kujibizana kulipata baraza mpya, nayo ni gazeti. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi zikawa ni uwanja ambamo mtu wa Tanga aliweza kuulizana na mtu wa Unguja ambaye hakupata kumwona. Gazeti lilileta jambo ambalo baraza haikuwa nalo: subira ya lazima. Shairi lilitoka toleo hili, na jawabu halikuweza kutoka kabla ya toleo lijalo. Katika muda huo mtu alikuwa na wasaa wa kulisoma shairi la mwenziwe, akasinzia nalo, akaamka amebadili rai. Wakati ulisaidia kazi ya sikio.

Ami yangu alikuwa mmoja wa wapenzi wa kurasa hizo. Hakuwa mshairi wa sifa. Alikuwa karani wa forodha aliyependa kutunga. Alikuwa na sahibu yake wa mtaa wa pili, na wawili hao walipelekeana mashairi ya kujibizana kwa miaka. Daftari la ami sasa liko kwangu. Limeandikwa kwa hati za Kiarabu, shairi la sahibu yake upande wa kulia na jawabu lake upande wa kushoto. Mambo yao yalikuwa ya kawaida: ipi bora, safari au makazi, mwenye deni na mwenye kudai nani mwenye usingizi, kwa nini karafuu huinusisha nyumba nzima na mwenye kuichuma hukosa shuka. Jambo lililonivutia ni namna majibu ya ami yanavyoanza. Katika kurasa za mwanzo, karibu kila jawabu linaanza kwa neno "umesema", na ubeti wa kwanza wote ni wa kurejesha hoja ya mwenziwe, tena kwa uadilifu, wakati mwingine kwa maneno mazuri kuliko ya mwenyewe.

Kisha zikaja zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kutoka hapo mpaka Mapinduzi ya Januari 1964 Unguja na Pemba ziligawika mpaka kwenye visima na maduka. Mwezi Juni 1961 fujo za siku ya uchaguzi na siku zilizofuata ziliua watu 68. Ami na sahibu yake waliingia vyama mbalimbali. Hawakuacha kupelekeana mashairi mara moja; daftari linaonyesha kwamba waliendelea. Ila majibu yamebadilika. "Umesema" imetoweka, na mahali pake pamekuja "nyinyi". Vina bado vinafuatwa na mizani imetimia, lakini anayejibiwa si yule mtu tena. Ni kundi zima lililosimama nyuma yake. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una shairi la sahibu yake upande wa kulia, beti sita, na upande wa kushoto ni karatasi tupu. Sahibu yake aliondoka Unguja mwaka 1964. Ami aliishi miaka mingine thelathini, na karatasi ile aliiacha vilevile.

Nikiitazama karatasi hiyo humkumbuka Abdilatif Abdalla. Kijana huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi. Alitengwa na wafungwa wenziwe, akawa hana wa kuzungumza naye. Katika hali hiyo alitunga mashairi yaliyokuja kutoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na miongoni mwake mna shairi refu la majibizano, Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mtu aliyenyimwa mazungumzo aliyatunga mazungumzo, na akawapa ulimi wote wawili. Ni rahisi kudhani kwamba mtu aliyedhulumiwa angetaka kusema peke yake, baada ya kunyamazishwa. Yeye alichagua kusikia sauti mbili. Huo ndio usikivu wa namna ya pili, nao ulipatikana mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusikilizwa.

Visiwani tulirudia kosa la zama za siasa. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, watu wengi walihama mabaraza waliyokaa wazee wao, wakatafuta baraza za wenye rangi yao ya bendera. Harusi zilisusiwa na maiti wakakosa wabebaji. Wenye umri wangu wanayakumbuka hayo, na hawapendi kuyasimulia. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliipigia kura serikali ya umoja, wakakubali kwa asilimia 66.4. Yaliyofuata baadaye, ya heri na ya shari, kila mtu ana hesabu yake. Mimi nataja moja tu nililoliona kwa macho: katika wiki zile baada ya maridhiano, katika baraza ya mtaani kwetu, walirudi kuketi watu wawili ambao hawakusalimiana miaka kumi na minne. Siku ya kwanza hawakuzungumza siasa. Mmoja alimwuliza mwenziwe hali ya mguu wake, na akangoja jawabu mpaka likesha.

Leo adui wa sikio hakuja na bendera. Baraza zipo, na kahawa ipo, lakini kila aliyeketi ana simu mkononi na ana baraza nyingine ndani yake. Humo jawabu hutoka kabla ya swali kwisha. Tukipelekewa ujumbe wa sauti, tunaweza kuiharakisha sauti ya mwenzetu ili iishe upesi, hata mama mzazi tukamsikia akisema mbiombio kama mnadi wa mnadani. Subira aliyotulazimisha gazeti imeondoka, na hapana atakayeirudisha isipokuwa sisi wenyewe.

Sidai kwamba tuanze kusemezana kwa vina. Lakini kanuni za kujibizana zinaweza kuhamia katika maneno ya kila siku bila ya kubeba mizani. Ya kwanza ni ile ya mzee mshona kofia: rejesha alichosema mwenzako, kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kwamba ndicho, kabla ya kutoa chako. Ya pili ni ya kitendawili: usipofahamu, toa mji. Ya tatu ni ya gazeti: si kila jawabu ni la toleo hili. Na ya nne, ambayo daftari la ami limenifundisha, ni kuyachunga maneno mawili, "umesema" na "nyinyi". Siku utakapojisikia unamwambia mkeo, au mwanao, au jirani yako, "nyinyi ndivyo mlivyo", jua kwamba umeacha kumsikiliza mtu na umeanza kulijibu kundi.

Wazee walisema sikio halilali na njaa. Walikusudia kwamba maneno hayakosekani. Kila siku sikio hupata chakula chake. Ila kuna kula na kuna kushiba.

Wenzangu wananiuliza kwa nini silijibu lile shairi la mwisho katika daftari, ili karatasi ile isibaki tupu. Nimefikiri juu yake. Kwa sasa nimeanza kwa kulinakili. Nimelinakili mara tatu, na kila mara nimekuta neno ambalo mara ya kwanza halikunifikia.